Kamusi ya Walioachwa Nje ya Darasa

Mwaka 1604 kilichapishwa London kitabu chembamba kiitwacho A Table Alphabeticall. Ndani yake yalipangwa kwa alfabeti maneno ya Kiingereza yapatayo 2,500, kila moja likielezwa kwa Kiingereza chepesi zaidi, mara nyingi kwa neno moja au mawili tu. Mtungaji wake, Robert Cawdrey, alikuwa amefundisha shule katika mji mdogo wa Oakham, kisha akawa mchungaji wa kanisa, kisha akavuliwa uchungaji kwa sababu ya msimamo wake wa Kipuritani. Wanahistoria wa lugha hukihesabu kitabu hiki kuwa kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza. Kinachonivuta mimi zaidi ni ukurasa wake wa jina, ambao unasema waziwazi kitabu kimetungwa kwa ajili ya nani: mabibi, wanawake wa kiungwana, na yeyote mwingine asiye na ujuzi. Unasema pia maneno yenyewe yametoka wapi, yaani Kiebrania, Kigiriki, Kilatini na Kifaransa, na kwamba msomaji atakutana nayo katika Maandiko, katika mahubiri na kwingineko. Ukiusoma ukurasa huo unamwona mwanamke Mwingereza ameketi kanisani, katika nchi yake, anasikiliza mahubiri yanayotolewa kwa lugha aliyonyonya kwa mama yake, na maneno yenye uzito yanampita.

Leo anayetaka kuufikisha msamiati wake wa Kiingereza ngazi ya juu, awe Arusha, Nairobi au London kwenyewe, hupewa karibu dawa ile ile ya Cawdrey: orodha ya maneno magumu na maana zake. Dawa hii imetumika kwa zaidi ya miaka mia nne, kwa hiyo ushahidi wa kuipima upo. Nadai kwamba ugumu wa maneno hayo ulitokana na historia ya nani alisomeshwa na nani aliachwa. Kwamba orodha za kwanza zilitungwa kwa kuwajali kweli walioachwa. Na kwamba kila tunapopata habari za mtu aliyevuka, tunakuta amevushwa na kusoma mambo yaliyomgusa, orodha ikiwa mkongojo tu wa safari hiyo. Walioligeuza jambo hilo kuwa kazi yenye utaratibu walikuwa walimu wa wageni, huko Dhaka na Tokyo, zaidi ya karne tatu baada ya Cawdrey.

Ugumu wenyewe una nasaba yake. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilikuwa lugha ya mfalme na mahakama kwa vizazi kadhaa, na Kilatini kikaendelea kuwa lugha ya kanisa na ya wasomi wa Ulaya magharibi nzima. Mkulima alibaki na lugha ya babu zake. Lugha hizo zilipochanganyika, kila moja iliacha alama ya daraja lake, ndiyo maana jambo moja la kifalme lina kingly ya wenyeji, royal ya Kifaransa na regal ya Kilatini. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu hapa. Nasi tuna moyo, mti, maji na nyumba kutoka shina la Kibantu, tuna elimu, sheria, hakimu na falsafa kutoka Kiarabu. Na jirani akifa, tangazo husema amefariki. Lakini maneno ya Kiarabu katika Kiswahili hayakubaki kwa wanazuoni. Yaliingia hadi jikoni, yakawa samaki, sukari na sahani, na mtoto anayeyatamka hajui kwamba yaliwahi kuwa mageni. Kilatini cha Uingereza kiliingia kwa mlango mwembamba zaidi: shule za wavulana ambao wazazi wao waliweza kuwaacha darasani miaka mingi, wakikariri sarufi ya lugha ambayo hakuna aliyeizungumza nyumbani. Msichana hakuwa na nafasi humo. Mwana wa mfumaji, mara nyingi, naye hakuwa nayo.

Karne ya 16 ndiyo iliyoujaza matofali ukuta huu kati ya waliosomeshwa na walioachwa. Wasomi walikuwa wakitafsiri vitabu vya Warumi na Wagiriki, wakaona Kiingereza kimepungukiwa, wakakopa kwa mamia. Sir Thomas Elyot, katika kitabu chake The Governour cha mwaka 1531, alikopa kwa adabu: kila alipoleta neno geni aliliunganisha na la kawaida lenye maana iliyo karibu, kama mwenyeji anayemshika mgeni mkono na kumtambulisha barazani. Wengi waliomfuata hawakujipa taabu hiyo. Zikazuka lawama. Maneno hayo yakaitwa maneno ya pembe ya wino, kwa kuwa wino wa siku hizo ulihifadhiwa katika pembe ya mnyama, na mtu aliyeyatumia alionekana ameyachota humo badala ya kuyatoa kinywani mwa watu. Thomas Wilson, katika kitabu chake cha ufasaha cha mwaka 1553, aliwashutumu wanaosafiri mbali na lugha ya mama zao, akatia humo barua ya mtu anayeomba nafasi ya kanisa kwa Kilatini kilichovikwa nguo za Kiingereza. Sir John Cheke, profesa wa Kigiriki wa Cambridge, alikwenda mbali zaidi: alipokuwa akitafsiri Injili ya Mathayo alikataa maneno ya Kilatini, akaunda yake. Askari mkuu wa watu mia akamwita hundreder, yaani mtu wa mia, na aliyesulubiwa akawa crossed. Jaribio lilikuwa la heshima, lakini maneno yake hayakushika. Mzizi wa nyumbani hautoshi kulifanya neno lieleweke. Biblia ya Kiswahili ilimwita askari yule yule akida, neno la asili ya Kiarabu, na waumini wakalipokea, maana lilikuwa tayari linatumika kwa watu wenye mamlaka ambao kila mtu aliwajua. Neno linakaa panapokuwa na watu wanaolihitaji na wanaolisikia.

Hapa Cawdrey anaonyesha mkanganyiko ambao bado tunao. Utangulizi wa kamusi yake, kitabu kilichotungwa ili kueleza maneno magumu, unarudia karibu neno kwa neno onyo la Wilson dhidi ya maneno magumu. Wapo wanaouona huo kuwa wizi wa maandishi na kutojielewa. Mimi nauona kuwa uaminifu. Mwalimu huyu alijua kwamba maneno yale yalikuwa yamezidi, na alijua pia kwamba wasikilizaji wa mahubiri hawakuwa na uwezo wa kuyazuia. Anayekaa chini ya ukuta hawezi kungoja hadi waliojenga waubomoe. Upole wake unaonekana hata katika maelekezo ya kutumia kitabu: anamwambia msomaji kwamba neno likianza kwa a alitafute mwanzoni, na likianza kwa v alitafute karibu na mwisho. Aliandika kwa watu ambao hata kufuata mpangilio wa alfabeti kulikuwa kugeni kwao, na hakuwadharau.

Sehemu ya kazi yake aliikuta imekwisha kuanzwa. Mwaka 1596 Edmund Coote, mwalimu mkuu wa shule ya Bury St Edmunds, alitoa The English Schoole-maister, kitabu cha kufundishia kusoma, na mwishoni akaweka orodha ya maneno magumu ambayo Cawdrey aliitumia sana. Coote alisema wazi kwamba anawaandikia wanaume na wanawake wa kazi za mikono waliojitwika kufundisha watoto wa wengine: washonaji, wafumaji, wenye maduka. Mshonaji aliweza kukaa na kitabu hicho dukani, akafundisha huku sindano ikienda. Kitabu kikachapwa tena na tena kwa zaidi ya karne moja. Takwimu za nani alijifunza nini hazikuandikwa na mtu, lakini kitabu cha shule hakichapwi kwa miaka mia bila kuwa na wanunuzi, na wanunuzi hao hawakuwa maprofesa.

Baada ya hapo kamusi za maneno magumu zilifuatana. Daktari John Bullokar alitoa yake mwaka 1616. Henry Cockeram akafuata mwaka 1623, na orodha yake ya wasomaji inastahili kusomwa polepole: mabibi, wanafunzi vijana, makarani, wafanyabiashara, na wageni wa taifa lolote. Kwa hiyo mgeni anayejifunza Kiingereza alikuwa amekwisha kuingia ukurasa wa kwanza karne tatu kabla ya kutungiwa kamusi inayomfaa kweli. Thomas Blount, mwanasheria Mkatoliki, alitoa Glossographia mwaka 1656 baada ya kazi ya miaka mingi. Malalamiko yake yana sura mpya: anaeleza kwamba siku hizo hata mpishi, mshonaji na muuza mvinyo wa London walikuwa wakitaja bidhaa zao kwa maneno ambayo mteja hawezi kuyajua. Ukuta ulikuwa umetoka kanisani ukaingia sokoni.

Ni Cockeram, hata hivyo, anayetuonyesha mahali orodha inapoharibika. Sehemu ya kwanza ya kamusi yake ilieleza maneno magumu kwa mepesi, kama ya Cawdrey. Sehemu ya pili ilifanya kinyume: ilichukua maneno ya kawaida ya watu na kuyapatia mbadala wa kifahari, ili mtu aandike barua yake kwa lugha yake, kisha ayavue maneno yake moja moja na kuyavisha ya wasomi. Mengi ya maneno hayo hakuna aliyepata kuyatumia. Yalitolewa tu katika kamusi za Kilatini na kukatwa mkia. Naona hapa kosa ambalo limerithiwa na karibu kila kitabu kinachoahidi msamiati mkubwa kwa siku chache. Kosa hilo ni kudhani kwamba maneno mawili yenye maana inayofanana yanaweza kubadilishana nafasi. Kila neno lina jamaa zake, lina mahali linapokaa na mahali linapokataa kukaa. Anayemwambia mtoto mdogo kwamba paka amefariki hajakosea maana, amekosea mahali. Kosa la maana mtu husahihishwa. Kosa la mahali huchekwa, na anayechekwa mara nyingi haambiwi kwa nini.

Kicheko hicho kilipata jina mwaka 1775, tamthilia ya Richard Brinsley Sheridan, The Rivals, ilipoonyeshwa London. Bibi Malaprop, mmoja wa wahusika wake, anapenda maneno makubwa na kila mara anashika lile lililo karibu kwa sauti na mbali kwa maana. Waingereza hadi leo huliita kosa la namna hiyo malapropism. Tamthilia ni nzuri, na Sheridan alikuwa na jicho kali. Lakini tumkumbuke mwanamke huyu alitoka wapi kihistoria. Alikuwa yule yule aliyetajwa kwenye ukurasa wa Cawdrey, bibi ambaye hakupelekwa shule ya Kilatini, na ambaye kwa miaka 170 alikuwa ameuziwa orodha. Alinunua, akakariri, akayatamka mbele ya watu, ukumbi ukacheka. Walioketi humo waliokuwa wamepigwa viboko hadi Kilatini kikawaingia waliweza kucheka kwa usalama. Maneno yale walikuwa wameyapata yakiwa na mizizi na matawi, yeye aliuziwa majani makavu.

Samuel Johnson alikuwa amekwisha kupiga hatua moja ya kweli ya kuliponya jambo hili. Kamusi yake ya mwaka 1755, yenye vidahizo zaidi ya 42,000, iliweka chini ya maneno mifano zaidi ya 100,000 kutoka kwa waandishi. Msomaji aliliona neno likiwa kazini, na nani, katika sentensi gani. Hiyo ndiyo dawa ambayo Bibi Malaprop hakupewa. Lakini kamusi hiyo iliuzwa pauni nne na nusu, fedha ambazo kibarua hakuweza kuziota, na Johnson mwenyewe alikuwa mtoto halisi wa Kilatini. Alipoeleza neno network, yaani kazi iliyosukwa kama wavu ambao kila mvuvi anaujua, alitumia maneno ya asili ya Kilatini magumu kuliko wavu wenyewe. Anayekijua Kilatini hakuhitaji maelezo hayo, na asiyekijua hakusaidiwa nayo.

Kwamba haya hayakuwa mambo ya mapambo tu, mwaka 1793 unatosha kuonyesha. Watu wa Sheffield, mji wa mafundi wa visu, walipeleka bungeni ombi la kutaka uchaguzi urekebishwe, lenye sahihi za maelfu. Bunge lilikataa kulipokea kwa hoja kwamba lugha yake haikuwa ya heshima. Hoja ya mafundi haikujibiwa. Namna yao ya kusema ndiyo iliyohukumiwa. William Cobbett, mwana wa mkulima aliyejifundisha sarufi akiwa askari, kwa kuinakili kwa mkono na kuikariri akiwa zamu ya lindo, alilielewa hili kuliko wengi. Mwaka 1818 alitoa New York kitabu cha sarufi ya Kiingereza kwa ajili ya askari, mabaharia, vijana wanaojifunza kazi na wavulana wa jembe, na mifano yake ya Kiingereza kibovu akaichukua katika hotuba za mfalme na maandishi ya wakubwa, hata ya Johnson. Hakumfundisha mvulana wa jembe kuvaa maneno ya mabwana. Alimfundisha kuyakagua.

Ushahidi mzito zaidi kwa hoja yangu unatoka ng'ambo ya Atlantiki. Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa Maryland, alisimulia katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1845 jinsi alivyokuwa akisikia neno abolition likitajwa kwa hasira na wenye watumwa. Akalitafuta katika kamusi. Kamusi ikamjibu kwamba ni tendo la kukomesha, bila kumwambia kukomesha nini. Hakuthubutu kumuuliza mtu. Akangoja, hadi gazeti la mji lilipomwangukia mikononi likiwa na habari za maombi ya watu wa kaskazini ya kutaka utumwa ukomeshwe, ndipo neno likafunguka. Tokea siku hiyo kila lilipotamkwa alisogea karibu kusikiliza. Maelezo ya kamusi yalikuwa sahihi na hayakumfaa kitu; gazeti halikueleza neno hata kidogo, na likamfundisha. Sijui mfano mwingine unaoonyesha kwa ufupi kama huu tofauti ya kupewa maana na kupata maana.

Atatokea msomaji wa kunipinga kwa mfano wa Malcolm X, na pingamizi hilo lina nguvu. Akiwa gerezani Norfolk, Massachusetts, mwishoni mwa miaka ya 1940, Malcolm X aliomba kamusi, akaanza ukurasa wa kwanza na kuinakili kwa mkono, neno kwa neno, hadi alama za uandishi. Mtu huyu aliyekuja kuwa mmoja wa wasemaji wakubwa wa karne yake, na ambaye mwaka 1964 alifika Dar es Salaam, aliikumbatia orodha kuliko mtu yeyote niliyemtaja. Lakini simulizi lake likisomwa lote, linaeleza pia kilichomsukuma: alikuwa akichukua vitabu katika maktaba ya gereza na kukuta sentensi ambazo maneno yake mengi hayajui, na alikuwa na barua za kuandika ambazo hazikutoka alivyotaka. Baada ya kamusi alizama katika historia, usiku akisoma kwa mwanga wa taa ya ukumbini hadi macho yakaharibika. Kamusi ilikuja kwa mtu ambaye tayari alikuwa na kitabu mkononi na hasira ya haki kifuani. Wengi wamenakili orodha bila hivyo viwili, na majina yao hatuyajui.

Wakati Malcolm X anakaa na kamusi yake, mahali pengine duniani jambo hili lilikuwa limekwisha kufikiriwa upya kabisa. Michael West, Mwingereza aliyekuwa akifundisha Dhaka, katika Bengal iliyotawaliwa na Waingereza, aliona kwamba wengi wa wanafunzi wake wangeacha shule kabla ya kumaliza, na akauliza swali la fundi: anayeacha njiani anaondoka na nini? Akaona kwamba kinachobaki mkononi mwa mtu ni uwezo wa kusoma, na kwamba vitabu vilivyokuwapo viliuzuia, kwa kuwa vilijaa maneno ya kifasihi ambayo mtoto angekutana nayo mara moja maishani. Ripoti yake ilitoka mwaka 1926. Akaandika upya hadithi, akiyatoa maneno kama isle na ere na kuweka island na before, na akahakikisha kila neno jipya linarudi mara kadhaa kabla jingine halijaingia. Mwaka 1935, pamoja na James Endicott, alitoa kamusi iliyoeleza maneno na semi zipatazo 24,000 kwa kutumia maneno 1,490 tu. Tulifananishe hili na wavu wa Johnson. Kwa mara ya kwanza kamusi nzima ilijifunga ahadi kwamba maelezo hayatakuwa magumu kuliko kinachoelezwa, na ahadi hiyo ikatimizwa kwa kuhesabu.

Tokyo, Harold Palmer alikuwa ameanzisha taasisi ya utafiti wa ufundishaji wa Kiingereza mwaka 1923, na miongoni mwa waliojiunga na kazi hiyo alikuwa A. S. Hornby. Yeye na wenzake wawili, Gatenby na Wakefield, walitunga kamusi iliyochapishwa Tokyo mwaka 1942, wakati nchi zao na Japani zilikuwa vitani na Hornby mwenyewe alizuiliwa, kisha akarudishwa kwao. Oxford iliitoa tena mwaka 1948, na baadaye ikaongezewa katika jina neno advanced, ikajulikana hivyo dunia nzima, Afrika Mashariki ikiwemo. Hapa ndipo penye utajiri wa historia hii. Kamusi iliyobeba neno la ngazi ya juu katika jina lake iliweka uzito wake mkubwa katika vitenzi vidogo kama get, take, make na put. Iliorodhesha mifumo 25 ya sentensi ambamo vitenzi vinaweza kukaa, ikaonyesha kwa kila kitenzi kinakubali mifumo ipi, na kwa kila nomino kama inahesabika au haihesabiki. Walimu hawa walikuwa wameona madaftarini mwa Wajapani kile ambacho Cockeram hakukiona: mwanafunzi anaweza kujua neno adimu la Kilatini na bado ashindwe kuandika sentensi kwa put. Ngazi ya juu waliitafuta kwa kuchimba chini.

Pingamizi la kwanza dhidi yao ni la kisiasa, na si la kupuuzwa. Walimu hawa walifanya kazi katika dunia ya himaya. Wakati huo huo C. K. Ogden alikuwa ametoa, mwaka 1930, Kiingereza chake cha maneno 850, na Winston Churchill akakisifu hadharani mwaka 1943. Ni haki kuuliza kama mtawaliwa hakuwa akipimiwa lugha ya kibaba, ya kumtosha kupokea amri na kutomtosha kubishana. Kwa Ogden naona shaka hiyo ina mashiko, kwa kuwa mfumo wake ulikuwa nyumba iliyofungwa: aliyeingia hakuonyeshwa mlango wa kwenda mbele. West alijenga ngazi. Orodha yake ya maneno kama 2,000, iliyotoka mwaka 1953, ilikusudiwa imfikishe mtu upesi mahali ambapo anaweza kusoma peke yake, na anayesoma peke yake hazuiliki tena na mwalimu wala mtawala. Walioisoma himaya kwa lugha ya himaya ndio walioishtaki kwa lugha hiyo hiyo.

Pingamizi la pili linatoka upande mwingine: kwamba haya yote ni ya wanaoanza, na msomi lazima mwishowe akabiliane na Kilatini. Ni kweli. Mwaka 2000 Averil Coxhead, New Zealand, alichambua maandishi ya kitaaluma yenye maneno milioni 3.5, akapata familia 570 za maneno ambazo, juu ya yale 2,000 ya West, zinachukua karibu asilimia 10 ya maandishi hayo. Mengi sana kati yake yana asili ya Kilatini na Kigiriki. Ukuta wa mwaka 1604 haujaanguka. Lakini tazama ni maneno gani: analyse, concept, data, method. Si vito vya Cockeram. Ni maneno ambayo mtu yeyote anayesoma kitabu cha sheria, uchumi au kilimo atakutana nayo kila ukurasa mpaka yawe yake. Orodha ya Coxhead ilipatikana kwa kuhesabu wanachosoma watu, kwa hiyo njia fupi ya kuipata ni kusoma kile kile.

Na hapa jambo linatugusa moja kwa moja. Tanzania inafundisha shule za msingi za serikali kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza, kwa hiyo kila mwaka inatengeneza upya hali ya yule mwanamke kanisani: mtoto ameketi mahali anapopaswa kuelewa, na maneno yanampita. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd walipima Kiingereza cha wanafunzi wa sekondari nchini wakakuta kimeshuka chini ya kiwango cha kuweza kusomea. Mradi uliofuata, kwa msaada wa Uingereza, ulipeleka shuleni vitabu vya hadithi vilivyorahisishwa kwa ngazi, mjukuu halisi wa kazi ya Dhaka. Wapo waliosema, na nakubaliana nao, kwamba swali la kwanza lilikuwa kama mtoto huyo alistahili kuwekewa ukuta huo kabisa. Lakini kwa aliyekwisha kuwekewa, vitabu vile vilikuwa msaada wa aina sahihi, na bado madarasa mengi yana orodha ya maneno ubaoni na hayana rafu ya hadithi nyuma.

Kamusi ya Cawdrey ilichapwa tena mara kadhaa hadi mwaka 1617. Ya toleo la kwanza imebaki nakala moja tu inayojulikana duniani. Nakala hiyo iko Oxford, katika maktaba ya Bodleian, ndani ya chuo kikuu ambacho hakikumpa mwanamke shahada hadi mwaka 1920.